Baiskeli, ng'ombe au sangara: filamu ipi ya dhiki uwaonyeshe watu wa Kusini?

Mwalimu wa sekondari huko Masasi anatafuta filamu ya klabu ya mdahalo. Kijana mwenye kibanda umiza Magomeni, Mtwara mjini, amechoka kuweka mpira na ngumi wiki nzima, anataka walau Jumapili moja iwe na kitu cha watu kuzungumza. Akina mama wa kikundi fulani Mikindani wameazima projekta. Wote wanauliza kama ipo filamu "inayogusa maisha", na huku kwetu mtu akisema hivyo anamaanisha filamu ya shida.

Filamu za shida hazihesabiki. Mimi huziweka tatu mezani: moja ya Italia, moja ya Iran, na moja iliyopigwa hapa hapa nchini, Mwanza. Kigezo changu kinaweza kuonekana cha ajabu. Kila moja ilimuudhi mwenye mamlaka, na kila moja ilimuudhi kwa sababu yake. Mkaguzi wa filamu hakasirishwi na njaa yenyewe; njaa anaipita barabarani akienda kazini. Hukasirika pale inapoonyeshwa imetoka wapi, au inapoonwa na mgeni, au inapokaa jirani na jambo ambalo watu wamekubaliana wasilitaje. Kwa hiyo ukijua alichotaka kikatwe, umejua jamii yake ilikuwa inalinda nini, na hapo ndipo mjadala wa jioni yako utakapoanzia.

Baiskeli

"Ladri di biciclette", yaani Wezi wa Baiskeli, ni ya Vittorio De Sica, mwaka 1948. Tuko Roma, vita vimekwisha, kazi hakuna. Antonio anapata kibarua cha kubandika mabango, ila sharti awe na baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka ya kitandani, anayakunja, anayapeleka rehani, baiskeli inakombolewa. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Sehemu kubwa iliyobaki ni baba na mwanawe Bruno wakizunguka mjini kuitafuta, mpaka baba mwenyewe anajaribu kuiba ya mtu mwingine, anakamatwa, anapigwa vibao mbele ya mtoto. Mwenye mali anamtazama yule mtoto, anasema aachiwe.

Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na unaliona hilo katika namna anavyoshika ngazi.

Hii Mtwara haihitaji utangulizi. Kijana anayeendesha bodaboda ya mkataba, anayepeleka hesabu kwa bosi kila wiki akisubiri pikipiki iwe yake, anajua moja kwa moja kinachotokea tumboni mwa Antonio anapogeuka na kukuta ukuta mtupu. Na lile tukio la mashuka litawashika wazazi. Tandahimba na Newala wapo waliouza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, mti ukiwa bado kwenye maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu sare ya shule haingoji mnada. Maria naye anauza kesho ili apate leo, na De Sica hamlaumu.

Sasa mkaguzi. Filamu ilipofika Marekani, Joseph Breen, aliyesimamia kanuni za maadili za Hollywood, alitaka sehemu mbili zikatwe: pale Bruno anapojibanza ukutani akitaka kukojoa, na pale baba anapomfuata mwizi hadi ndani ya danguro. De Sica na msambazaji wake, Joseph Burstyn, walikataa. Filamu ikanyimwa muhuri, ikaonyeshwa katika kumbi zilizokubali kuipokea bila huo muhuri, na mwaka 1950 ikatunukiwa Oscar ya heshima. Fikirini: familia imelalia godoro tupu ili baba apate kazi ya kubandika mabango, na kilichomkera mtu wa maadili ni mkojo wa mtoto. Haja ndogo na nyumba ya wanawake vilikuwa nje ya adabu. Umaskini ulikuwa ndani yake.

Kwao Italia kosa lilikuwa lingine. Giulio Andreotti, aliyeshughulikia mambo ya sinema serikalini, alisimamia sheria ya mwaka 1949 iliyoipa dola kauli juu ya mikopo ya filamu na vibali vya kuzipeleka nje. Mwaka 1952 alimkemea De Sica hadharani kwa filamu yake ya baadaye, "Umberto D.", ya mzee mstaafu asiye na kodi ya nyumba, kwamba picha kama hizo zinaichafulia Italia jina ng'ambo. Maneno hayo yashikeni, tutakutana nayo tena Mwanza.

Ng'ombe

"Gaav" maana yake ng'ombe. Ni ya Dariush Mehrjui, mwaka 1969. Kijiji kikavu cha Iran kina ng'ombe mmoja, wa Hassan. Hassan anampenda kupita kiasi, anamwogesha, analala naye zizini kwa hofu ya wezi wa kijiji jirani. Anasafiri, na huku nyuma ng'ombe anakufa. Wanakijiji wanakaa kikao: tutamwambiaje? Wanaamua kusema katoroka. Mzoga wanautumbukiza katika kisima kikuukuu. Hassan anarudi, anasikia habari, hawezi kuipokea. Kidogo kidogo anaanza kuamini kuwa yeye ndiye yule ng'ombe. Anakula majani. Ezzatolah Entezami anaiigiza hali hiyo bila mbwembwe, na watu waliokuja kucheka hunyamaza. Mwishoni rafiki zake wanamfunga kamba wampeleke mjini kwa matibabu, mvua inanyesha, njia imekuwa tope, na mmoja wao, yule mwenye busara kuliko wote, anajikuta akimchapa kama mnyama.

Kati ya hizi tatu, hii ndiyo inayosema mengi zaidi juu ya maadili, tena bila mhubiri. Uongo wa wanakijiji umetoka kwenye huruma. Huku kwetu nani hajawahi kuambiwa "njoo nyumbani, baba anaumwa kidogo", akafika akakuta turubai limeshafungwa? Kuupasua msiba polepole ni ustaarabu, tumelelewa nao. Filamu inauliza ustaarabu huo unaishia wapi: siku ya ngapi uongo wa upole unageuka kuwa kamba? Mzee wa Newala na mjukuu wake wanaweza kubishana juu ya hilo hadi usiku wa manane, na wote wakawa na hoja.

Kuna jambo dogo la kuangalia. Kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni na dumu lina bei, mzoga kutumbukizwa kisimani, hata kisima kikuukuu, utazua minong'ono kabla ya habari ya Hassan mwenyewe. Iacheni minong'ono iendelee. Lindi kuna tahadhari kubwa zaidi. Tangu wafugaji walipoondolewa Usangu na kuletwa mkoani humo, miaka ya 2006 na 2007, ng'ombe kwa mkulima wa Kilwa au Liwale ameingia kwenye orodha ya magomvi ya shamba. Mkionyesha huko, chagueni mwongozaji wa mjadala anayeaminika na pande zote mbili. La sivyo jioni yote itakuwa juu ya mahindi yaliyoliwa.

Kilichoipata "Gaav" kingekuwa kichekesho kama kisingekuwa cha kweli. Pesa zake zilitoka kwa wizara ya utamaduni ya serikali ya Shah, mfalme wa Iran. Serikali iyo hiyo ilipoitazama ikaifungia kabatini. Tangu mwaka 1963 Shah alikuwa akiutangazia ulimwengu mapinduzi yake ya maendeleo, ugawaji wa ardhi na elimu vijijini. Halafu inatokea filamu ya kijiji kisicho na mwalimu, mganga, ofisa, wala waya wa umeme. Haikuwa na neno hata moja la kuipinga serikali. Serikali haimo tu, na kutokuwamo kwake ndiko kulikouma. Ilikuja kuruhusiwa kwa sharti la kuwekewa maandishi kwamba mambo haya ni ya miongo kadhaa nyuma. Mwaka 1971 nakala ilitoroshwa kwenda tamasha la Venice, ikasifiwa sana. Baada ya mapinduzi ya 1979, Ayatollah Khomeini ambaye wengi walidhani angezima sinema kabisa aliitaja filamu hii kwa wema, na wanahistoria wa sinema ya Iran huona hapo mojawapo ya sababu za sinema hiyo kupona. Picha ni zile zile. Aibu ya mfalme imekuwa fahari ya waliompindua.

Sangara

Ya tatu mnaijua kwa sifa yake hata kama hamjaiona. "Darwin's Nightmare" ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilitoka mwaka 2004. Si ya kuigiza. Ni Mwanza, viwanda vya minofu ya sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 akawamaliza samaki wengi wa asili. Ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin zinatua, zinabeba minofu kwenda Ulaya. Wananchi wanabaki na mapanki, vichwa na mifupa, yakianikwa juani huku funza wakitembea. Wapo watoto wa mitaani wanaovuta moshi wa plastiki, wanawake wanaojiuza kwa marubani, mlinzi wa usiku mwenye upinde. Na swali moja linazungushwa filamu nzima: ndege hizi zikija zinaleta nini? Rubani mmoja mwishoni anakiri kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, akarudi na zabibu kutoka Johannesburg.

Ulaya ilishangilia. Filamu ikafika hadi kugombea Oscar mwaka 2006. Hapa nyumbani, mwaka huo huo, Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kuwa inaipaka nchi matope, Mwanza kukafanyika maandamano ya kuipinga, na baadhi ya Watanzania waliomsaidia Sauper wakapata misukosuko. Ni kilio kile cha Andreotti, miaka zaidi ya hamsini baadaye, katika lugha nyingine.

Ila msikimbilie kusema kwamba serikali ilikosea na msanii alipatia. Lawama nyingine zilikuwa na mashiko. Mapanki watu hula kwa sababu ni chakula, wengi kwa hiari. Kuyapiga picha yakiwa na funza na kumwachia Mfaransa adhani ndiyo mlo wa taifa ni uchaguzi wa mpiga picha. Hata silaha zenyewe hazionekani. Zinasemwa, zinadokezwa, zinaning'inia hewani. Mwanahistoria wa Ufaransa, François Garçon, aliiandama filamu hiyo kwa hilo, na ugomvi wao ukaishia mahakamani, ambako Sauper alishinda kesi ya kukashifiwa. Mimi naiona filamu yenye macho makali na mkono mzito. Maskini wa humo wanatazamwa sana, wanaulizwa kidogo.

Kusini itagusa mshipa mwingine kabisa. Korosho nyingi za Mtwara na Lindi huondoka zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, zinabanguliwa huko. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, na mwaka 2018 wanajeshi walikuja kukusanya korosho kwa bei ya serikali, shilingi 3,300 kwa kilo. Weka picha ya ndege imejaa minofu mbele ya hadhira hiyo, na ndani ya dakika kumi hakuna atakayezungumzia samaki. Hilo ni jema au baya kutegemea nani kashika kipaza sauti.

Zikikaa pamoja

Nani anasema? Kwenye baiskeli maskini anajisemea mwenyewe: anakwenda polisi, anakwenda kwa wenzake wa chama, anakwenda hata kwa mpiga ramli, na kote anafungua kinywa. Kwenye ng'ombe kijiji kizima kinasema, Hassan ndiye anayepoteza maneno. Kwenye sangara anasema zaidi mkata picha. Kwa watu ambao habari zao huja kuandikwa na wageni kisha kusomwa kwingine, tofauti hiyo ina uzito kuliko ubora wa kamera.

Lugha nayo ni kikwazo cha kweli, hasa kwa vibanda. Manukuu ya Kiingereza chini ya picha hayawasaidii wengi, na watazamaji wetu wamezoea filamu iliyotafsiriwa kwa sauti ya mtu. Baiskeli inapita hata bila mtafsiri. Nusu yake ni miguu na nyuso. Ng'ombe inahitaji mtu wa kueleza vikao vya wanakijiji, basi. Sangara ina Kiingereza, Kirusi na Kiswahili ndani yake, na hapo kuna faida isiyotarajiwa: hadhira ya Mtwara itawasikia Watanzania wenzao moja kwa moja, ipime yenyewe kama kilichoandikwa chini ndicho kilichosemwa. Mzungu wa Paris hakuwa na uwezo huo. Ila kumbukeni kwamba mtafsiri wa kibandani naye ni mkaguzi. Akifika kwenye danguro la Roma mbele ya watoto atapunguza sauti au atatunga kitu, na hakuna atakayemwandikia barua Breen.

Kuhusu Bongo Muvi, naulizwa kwa nini siziweki kwenye orodha. Dhiki zinayo ya kutosha: mjane kanyang'anywa nyumba, binti wa kazi kamwagiwa maji ya moto. Lakini katika nyingi ya hizo umaskini una mtu mmoja aliyeusababisha, mama wa kambo au shangazi mchawi, akiadhibiwa mambo yanatengemaa. Hakuna ofisi itakayochukia hadithi hiyo. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 anayetaka kupiga filamu huomba kibali kwanza na kueleza atakachopiga, kwa hiyo mkasi mkali zaidi hutumika kwenye meza ya mwandishi, kabla hata kamera haijawashwa. Na mazoea ya filamu inayomfunza maskini tabia yalitangulia uhuru: kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika huko Vugiri, Usambara, ambazo humo mwanakijiji mwema ni yule anayefuata ushauri wa mtaalamu. Naona kizazi chake hadi leo kwenye filamu za semina.

Uchague ipi, basi

Kwa shule, baiskeli. Ni fupi, kama saa moja na nusu, haina damu, na mwalimu anaweza kuisimamisha pale baba anapokamatwa akauliza darasa: ungekuwa mwenye baiskeli ungefanya nini? Tunaishi katika nchi ambayo mtu akipigiwa kelele ya mwizi mtaani anaweza asifike kituoni akiwa hai, na swali hilo kwa kijana wa kidato cha tatu si la nadharia. Lile tukio la danguro liko wazi kiasi cha kueleweka na limefichika kiasi cha kuvumilika. Mwalimu alitazame mwenyewe kwanza.

Sangara niiachie chuo, au kundi la waandishi wa habari na vijana wa asasi, wakiwa na mwongozaji aliyejiandaa. Msiionyeshe peke yake kama ushahidi. Iwekeni kama kesi: picha moja, lawama za Rais, hoja za Garçon, hukumu ya mahakama, kisha watu waamue nani alimtendea haki nani. Kwenye uwanja wa wazi na umati uliokuja bila kujua siishauri. Si kwa woga wa dola peke yake. Filamu inayomwacha mtazamaji na hasira isiyo na anwani humfaa zaidi mwanasiasa atakayepita kesho yake.

Na kama una jioni moja tu, na hadhira yako ni mchanganyiko, wazee, akina mama, vijana na mtoto aliyefuata mwanga, chukua ng'ombe. Najua ni nyeusi na nyeupe, najua inaanza taratibu na wenye kibanda wataniona nimewatia hasara. Lakini ndiyo pekee kati ya tatu ambayo haina mtu wa kunyooshewa kidole, kwa hiyo watu hulazimika kujizungumzia wenyewe. Kisa cha kufungiwa kwake kiwekeni mwisho, baada ya mjadala, mkianza na swali: mnadhani serikali ilikataa kitu gani humu? Watafikiria wazimu wa Hassan, watafikiria kamba, watafikiria dini. Wachache watagundua kwamba hawakuona ofisa yeyote tangu mwanzo.

Kwa kibali cha kuonyesha hadharani, anzeni mapema kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu na mpeleke nakala aione, pamoja na maelezo ya kwa nini mnaionyesha. Kama ni uwanjani, Agosti na Septemba ndiyo miezi mizuri: mvua hakuna, na minada ya korosho bado haijaanza. Ikifika Novemba watu wanasubiri malipo, na akili ya mtu anayesubiri malipo haikai kwenye kiti.